Ukuta wa Keremkerem

Jumamosi moja ya umuganda, siku yetu ya kazi za pamoja, majirani wa Giheke walilifagia shimo. Sisemi mzaha. Walikuja na mapanga, majembe na mafagio, wakakata matete yote, wakang'oa nyasi ukingoni mwa dimbwi, wakakwangua hata ukoga juu ya mawe, na walipomaliza pakawa peupe kama uwanja unaosubiri harusi. Mimi nilikuwa nimecheleweshwa na wateja Kamembe. Nilipofika nikawakuta wamesimama wakiegemea majembe, nyuso zimejaa furaha, wakingoja niwasifu. Nilikuwa nimewaomba watusaidie kuandaa mahali pa wanyama wa porini, nao wakapaandaa kama mtu anavyoandaa pa mgeni wa heshima: unafyeka, unafagia, unanyunyiza maji vumbi litulie.

Vyura walikuwa wamekwisha kuhama. Nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yale yale yakageuka ya hasira.

Hivyo ndivyo tulivyo huku. Mahali pasipofyekwa ni aibu ya mwenyewe. Mtu akiona kichaka anaona uvivu, na akiona mteremko mkono wake unatafuta jembe akate matuta. Siwalaumu, maana milima hii usipoizuia udongo wake unashuka wote ziwani, na sisi tunabaki na mawe. Lakini ndege hapendi kufagiliwa, wala chura. Anataka pa kujificha. Siku ile nilijua kwamba maneno yangu hayakuwa yametosha, na kwamba nikiendelea kusema tu, shimo litafagiliwa kila mwezi mpaka nife.

Shimo lenyewe ni kariyeri, ndivyo tunavyoita machimbo ya mchanga. Ushirika wetu ulichimba pale miaka mingi. Mimi ni muuza mchanga na kokoto, binti wa fundi mwashi wa Kamembe, na nyumba nyingi za mji huo zimesimama kwa mchanga uliopitia dukani kwangu. Kisha ukuta wa machimbo ukaanguka na kumuua mchimbaji mmoja, na kazi ikasimamishwa. Ndipo wakanichagua kuwa rais wa ushirika, wakati hakukuwa tena na cha kugombania.

Aliyechimba ardhi lazima aiponye. Hiyo ndiyo kanuni, nami sina ugomvi nayo. Bwana shamba wa sekta, yaani kata yetu, alikuja akatuambia njia rahisi: tulijaze shimo udongo, tukate matuta, tupande mikaratusi. Wanachama wengi walikubali kabla hajamaliza kusema. Nilisimama nikasema hapana. Aliniuliza nataka nini badala yake, nikamjibu nataka paachiwe ndege na wanyama. Akanitazama kwa upole, akasema basi tulete mpango ulio bora kuliko wake kabla ya kiangazi kuisha, la sivyo tutapanda miti.

Nilikuwa na sababu yangu. Tangu kazi isimame, maji ya mvua yalikuwa yamekaa shimoni, matete yakaota, vyura wakaja bila kualikwa. Kisha wakaja keremkerem, wale ndege wala nyuki, mgongo kijani, kifua rangi ya mdalasini. Walitoboa matundu katika kipande kilichobaki cha ukuta ule ule wa mchanga tuliouchimba sisi, wakaingia humo kutaga. Ijumaa baada ya swala nilikuwa napanda pikipiki hadi Giheke, nakaa juu ya jiwe langu, nawatazama wakitoka na kurudi na nyuki mdomoni, wakimpigiza kwenye tawi kabla ya kummeza. Nilipapenda pale. Nasema wazi, nilipapenda kuliko duka langu. Maisha yangu yote nimeuza mlima huu kwa ndoo na kwa lori, na sasa mlima ulikuwa unafanya kitu chake wenyewe, nikataka uachwe ufanye.

Basi baada ya fagio la umuganda nikaamua kwamba watu hawa hawataambiwa tena, wataonyeshwa. Nikatoa sinia kubwa la marehemu mama yangu.

Nyumbani kwetu tulikula kwenye sinia moja, wakubwa kwa wadogo, na sinia lilikuwa na sheria zake. Unakula kilicho mbele yako. Mkono wako hauvuki kwenda kwa jirani hata kama kwake kuna kiazi kinachokukonyeza. Nyama inakaa katikati na haiguswi mpaka mama aigawe. Na akija mgeni akajikuta amekaa upande wenye ukoko ulioungua, mama hamwambii asogee. Analizungusha sinia polepole, huku akiuliza habari za safari, na mgeni anakuta wali mweupe mbele yake bila kujua kilichotendeka.

Nilichota udongo wa mfinyanzi bondeni, nikaufinyanga shimo zima juu ya sinia lile. Nikaweka kipande cha kioo kuwa dimbwi, njiti za fagio kuwa matete, na nyuma ya dimbwi nikasimamisha ukuta, nikautoboa matundu kwa sindano ya kushonea magunia. Ukingoni pande zote nikagawa sehemu za watu: hapa majani ya ng'ombe, hapa mizinga ya nyuki, hapa njia ya kupita. Katikati hapaguswi. Hapafyekwi, hapafagiliwi, hapapandwi kitu.

Nilifika mkutanoni nimelibeba sinia kichwani, limefunikwa kitambaa. Wanaume wakaanza kunawa mikono. Niliwaacha wanawe, kisha nikafunua.

"Eeh, Maman Prezidante," alisema mfuga nyuki wetu, "leo pilau ya udongo?"

Huyu mfuga nyuki ndiye aliyekuwa kapita wa machimbo, yaani msimamizi wa wachimbaji, na mpaka leo tunamwita kapita. Ni mtu wa utani mwingi, na pengine mwingi kupita kiasi. Alizunguka sinia, akakagua mizinga yake midogo ya udongo, akaniuliza iwapo nataka afuge nyuki kwa ajili ya kulisha ndege zangu. Nikamwambia ndege wapo tayari na nyuki wake bado wapo, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wakacheka. Walikaa kulizunguka sinia kila mtu mbele ya sehemu yake, wakaanza kubishana juu ya njia na majani, na nilipowasikia wakibishana moyo wangu ulitulia, kwa sababu mtu habishanii asichokitaka.

Wa mwisho kuingia alikuwa mjane wa yule mchimbaji aliyeuawa na ukuta. Alikuwa amerithi nafasi ya mumewe katika ushirika. Ni mmoja wa wale waliokulia Congo wakarudi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na kila asubuhi huvuka daraja la Rusizi ya Pili kupeleka nyanya Bukavu. Mikutanoni hakuwa msemaji. Alikaa kwenye nafasi iliyobaki, akalitazama sinia kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akapita juu ya kioo, akaweka kiganja juu ya ukuta, akaubonyeza mpaka ukawa bapa. Alifuta udongo kwenye kitenge chake, akainuka akatoka.

Kapita alitazama chini.

Mimi nilikasirika, na sitajifanya sikukasirika. Kazi yangu ya siku nyingi ilikuwa imelala chini kama chapati. Nililifunika sinia, nikaahirisha mkutano, na njia nzima ya kurudi Kamembe nilikuwa nikimsema moyoni: kwa nini hakuzungumza, kwa nini mbele ya watu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimekwisha kuvua mbele ya sekta nzima. Kesho yake nikaenda kumtafuta darajani, kwa sababu nyumbani kwake mtu humkuti.

Nilimwona kwenye foleni ya wanaovuka, beseni la nyanya kichwani. Nikajiunga naye kana kwamba nami naenda Bukavu.

"Maman, ulinivunjia ukuta," nikamwambia.

"Ile ukuta ilinivunjia nyumba," alinijibu bila kugeuka. "Ya kwako ni ya udongo. Utatengeneza ingine."

Foleni ikasogea kidogo, nasi tukasogea. Nikamweleza kwamba ndege wanataga mle, kwamba wakibomolewa hawana pengine, kwamba sisi wote tunamkumbuka mumewe. Hilo la mwisho lilimgeuza. Alishusha beseni, akaliweka chini kati ya miguu yetu.

"Munamukumbuka?" alisema. "Siku ile nilikuwa namuletea chakula. Nikakuta ukuta imeanguka, bantu banasimama inje. Nikabaambia, kuko muntu ndani. Nilikuwa nasikia. Ni sauti kidogo, lakini nilisikia. Kapita akanijibu, Maman, hakuna muntu, bote batoka. Wengine banasema tungoye mashine. Hakuna mwenye alitega sikio, Maman Prezidante. Hata moja. Bakatega saa bwana yangu amekwisha kufa."

Habari za kifo kile nilizijua kama kila mtu alivyozijua, kwamba ukuta ulianguka ghafla na hakukuwa na njia. Hilo la sauti sikuwahi kulisikia. Niliona aibu kwa niaba yetu sote, pale pale kwenye foleni.

"Unataka nini?" nikamuuliza hatimaye.

"Iangushwe. Na mi njo nipige jembe ya kwanza."

"Itaangushwa," nikasema, na sikujua bado kwa njia gani. "Lakini tungoje kwanza makinda ya ndege yatoke."

Aliinua beseni lake akajitwika. "Ndeke itangoyewa," alisema, "bwana yangu hakungoyewa." Akavuka daraja akaniacha.

Nilirudi nyumbani nikaliweka sinia sakafuni, nikakaa mahali alipokuwa amekaa yeye. Ndipo nikaona. Sheria ya sinia ni kula kilicho mbele yako, nami nilikuwa nimemwekea mbele yake kifo cha mumewe, chenye matundu ya sindano, halafu nikategemea ale na kushukuru. Marehemu mama angenipiga kofi. Mgeni amekaa upande wa ukoko, na mwenyeji yuko bize na majani ya ng'ombe.

Nikashika ukingo wa sinia, nikalizungusha.

Upande uliokuja mbele yangu ulikuwa ule wa pili wa shimo, ambao hatukuwahi kuufikia kwa sababu mchanga wake umeshikana na jembe hulalamika. Ukuta wa zamani tuliula kuanzia miguuni, ukabaki umeinama juu ya vichwa vya watu, na kwa hiyo ukaanguka. Hata uliobakia bado umeinama. Huu wa pili ungeweza kukatwa wima, bila kuchimbwa miguuni, ukasimama imara. Juu yake tungeotesha uzio wa miiba, watoto na ng'ombe wasifike. Tungeukata mapema, wakati ndege hawajaanza kutaga, kisha tungewapa msimu mmoja wahame. Wakishahama, ule wa zamani ushuke. Nilichukua udongo aliouponda yule mama, huo huo, nikausimamisha upya upande wa pili.

Mara ya pili sikuupeleka mpango mkutanoni kwanza. Nilimpelekea yeye, Jumapili baada ya ibada yake, nikakaa naye uani na sinia kati yetu. Aliligusa kwa kidole, akaniuliza ule wa zamani uko wapi. Nikamwonyesha mahali palipokuwa tambarare. Nikamwambia ni yeye atakayepiga jembe la kwanza, nimekula yamini.

"Na ndeke ikikataa kuhama?" aliuliza.

"Basi nitakuwa nimewapoteza," nikasema. "Ukuta utaanguka vilevile."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kuisema. Aliinuka, akaniletea chai.

Wanachama walikubali, kwa sababu mjane alikubali. Bwana shamba alilicheka sinia, akauliza kijiko kiko wapi, kisha akachuchumaa akalikagua kwa makini kuliko nilivyotegemea. Aliupitisha mpango kwa sharti moja: ukuta wenye hatari ushuke kabla ya mvua kubwa za mwaka utakaofuata. Angetuazima kwa siku moja mashine itakayokuwa ikitengeneza barabara.

Tuliukata ukuta mpya kwa majembe. Wanaume walilalamika kwamba wanachimba nyumba za ndege wakati za kwao zinavuja, na walichimba. Kwenye umuganda uliofuata nilisimama mlangoni mwa shimo mikono kiunoni, nikapokea mafagio yote kama askari wa mpakani, nikayarudisha jioni. Matete yalirudi. Vyura walirudi. Mwanamke mmoja jirani alinong'ona kwamba rais wa ushirika amekuwa mchafu uzeeni, nikamwambia nimesikia na nashukuru.

Keremkerem hawakuja. Walikwenda kule kule kwenye ukuta wa zamani, wakapita mbele ya ukuta wangu mpya kana kwamba hawauoni. Niliwatukana kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda. Kapita alinishauri niwatumie kadi ya mwaliko. Kisha, Ijumaa moja, nilikuta vumbi jipya la mchanga chini ya ukuta mpya, na juu yake tundu moja, bichi, lenye ndege anayerusha mchanga nyuma kwa miguu. Nilipiga kelele peke yangu. Baadaye wakafuata wengine. Wachache walibaki kwenye ule wa zamani, wakataga huko, wakalea, wakatoka. Tulipeleleza wiki baada ya wiki mpaka hatukuona tena ndege akiingia.

Siku ya mashine ilikuwa na mawingu. Barabara ilikuwa imekamilika, na dereva alituambia tangu asubuhi kwamba akiondoka Giheke leo harudi. Bwana shamba alikuwepo. Wanachama wote walikuwepo, wengi wao wakiwa wale wale waliosimama pale siku ya ajali. Mjane hakuvuka kwenda Bukavu. Alikuja na jembe la mumewe.

Alikuwa hajawahi kukanyaga shimoni tangu siku ile. Nilimshika mkono tukateremka pamoja, tukaenda upande ambako ukuta unaishia chini, usawa wa kifua, pasipo hatari. Dereva aliwasha mashine, akangoja. Mjane aliinua jembe.

Akalishusha polepole, hakupiga. Alisogea mbele, akainama, akaweka sikio kwenye tundu moja la ukuta. Akainua mkono dereva apunguze kelele.

"Mungoye," alisema. "Kuko muntu ndani."

Dereva alitoa kichwa nje. "Maman, hakuna kitu. Ndege zote zilitoka. Mvua inakuja."

Nami nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Mashine ikiondoka, sharti letu na sekta lilikuwa mashakani, na mpango mzima pamoja nalo. Nikamtazama bwana shamba, naye akatazama saa yake. Kabla sijafungua mdomo, kapita alitoka katikati ya wanaume. Hakuwa na utani wowote usoni. Alipiga magoti karibu na mjane, akavua kofia, akaweka sikio lake kwenye mchanga, kwenye tundu lile lile. Alikaa hivyo muda mrefu.

Alipoinua kichwa, nusu ya uso wake ilikuwa na mchanga.

"Ni kweli, Maman," alimwambia. "Kuko muntu."

Nikamwambia dereva aondoe mashine aende zake. Ukuta tuliuangusha wenyewe baadaye, kwa majembe na kamba kutoka juu, mchana wa jua, makinda ya tundu lile yalipokwisha kuruka na bwana shamba amekwisha kutukaripia. Jembe la kwanza alipiga mjane. La pili alimpa kapita.